Mkono wa Kulia wa Saima

Majira ya baridi Saima Kotila alikuwa akija kazini na viazi viwili vya kuoka, kimoja katika kila mfuko wa koti. Mama yake alivitoa jikoni vikiwa moto wa kuunguza, na Saima alivishika njia nzima, robo saa ya kutembea kwenye theluji kutoka kwao mpaka ofisi ya simu. Akifika vimeshapoa. Tunavigawana, tunavila na chumvi. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha pili, kulia kwake, kwa hiyo viazi hivyo nimevila miaka minne.

Jina langu ni Lempi Harju. Mji wetu ulikuwa wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Wengi tulikuwa Wafini, kulikuwa na Waslovenia kiasi, na makapteni wa mgodi walikuwa watu waliotoka Cornwall, Uingereza, ambao walisema nasi kama mtu anavyosema na farasi mzuri. Ofisi ya simu ilikuwa mali ya kampuni ya mgodi, kama zilivyokuwa nyumba tulizolala, isipokuwa chache. Saima alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaolewa, mrefu, mcheshi. Mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu, nina mume na watoto wawili. Mume wangu, Arvo, alichimba ngazi ya saba, chini kabisa.

Ugonjwa wa Saima ulikuwa wa vidole. Baridi ikivigusa, hata ile ya kushika chupa ya maziwa, vilianza kuwa vyeupe kutoka nchani, vyeupe kama mshumaa, na pale weupe ulipoishia palikuwa na mstari ulionyooka kama mtu ameupiga kwa rula. Baadaye vinageuka bluu. Damu ikirudi vinakuwa vyekundu na kuvimba, na maumivu yake yalimfanya aume ukosi wa gauni lake huku anaendelea kuwajibu watu kwa sauti tamu, "Namba gani, tafadhali?"

"Leo vingapi?" nilikuwa namwuliza.

"Vinne. Dole gumba limekataa kujiunga na wenzake."

Mwaka 1936, Januari na Februari, baridi iliyokuja hata wazee hawakuwahi kuiona. Misumari ya nyumba ilikuwa inapasuka ndani ya mbao kwa mlio wa bunduki. Wiki ya tatu Saima alishindwa kushika plagi. Zilimdondoka kwenye ubao wa kuunganishia simu kama vijiko. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na kidonda ambacho hakikupona tangu Novemba, na sasa ncha yake ilianza kuwa nyeusi. Nilimwunganishia simu zake na zangu pamoja, wiki nzima, na hakuna mkubwa aliyejua.

"Nitakatwa kidole," aliniambia. "Kisha cha pili. Mwisho watanipa kazi ya kupiga kengele ya kanisa kwa meno."

Hakukatwa kidole. Daktari wetu wa mji alimwandikia barua mpasuaji mmoja kwenye hospitali kubwa ya kusini mwa jimbo, Daktari Ostrander, na mwezi wa nne Saima akapanda treni na mama yake. Alikaa huko wiki tano.

Alivyonieleza baadaye, daktari alimchorea picha. Vidole vyenyewe havikuwa na kosa, wala damu. Tatizo lilikuwa neva zinazoiamrisha mishipa ya damu kujibana baridi inapokuja. Kwa mtu wa kawaida inajibana kidogo. Kwake ilijifunga kabisa, kama mtu anayefunga mlango na kuweka kabati nyuma yake. Daktari alitaka kuingia kwa mgongoni, karibu na bega, atoe kipande cha ubavu, azikate hizo neva kule zinakotokea.

"Nikamwambia, daktari, mimi kazi yangu ni kuunganisha waya, wewe unataka kukata?"

"Akacheka?"

"Huyo? Huyo akicheka uso utamvunjika. Akasema tutaanza na mkono wa kulia, tuone."

Alirudi na kovu refu mgongoni, na kope ya jicho la kulia imeshuka kidogo. Neva za jicho zilipita njia hiyohiyo, zikaenda na zile nyingine. Mkono wa kulia ulikuwa mkavu kama karatasi. Haukutoa jasho tena maisha yake yote. Mzee Zupanc wa duka la nyama alipoiona ile kope alidhani anamkonyeza, akaanza kumwekea vipande vizuri, mpaka mkewe alipokuja dukani kusimama naye.

Lakini ule mkono ulikuwa na joto! Kiangazi hatukuona tofauti. Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwisho wa Oktoba, Saima alitoka nje ya ofisi bila koti, akachota theluji kwa mkono wa kulia, akaifumbata. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Ilimyeyukia mkononi mpaka maji yakamwingia kwenye mkono wa gauni, na vidole vilikuwa vya waridi, vya mtoto mchanga. Kile kidonda kilikuwa kimeshafunga. Akaichota tena. Alikuwa analia, lakini upande mmoja wa uso tu ndio uliokuwa mwekundu, ule wa kushoto ambao neva zake hazikukatwa, na hilo likatuchekesha sote wawili mpaka ubao mzima ukawa unalia simu na hakuna wa kupokea.

Jumamosi ile alikuja kwetu kuoga. Kila familia ya Kifini ilikuwa na nyumba yake ya mvuke uani, hata kama ndani ya nyumba kubwa hakuna kiti kizima. Tulikaa kwenye ubao wa juu, mimi na yeye, akanipaka sabuni mgongoni kwa mkono ule wa kulia, na mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunishtua kwa baridi yake. Alisema mwakani atarudi afanyiwe wa kushoto, kisha atajifunza kupiga kinanda, kisha ataolewa na mtu mwenye masikio madogo.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu ya furaha.

Nieleze kidogo kuhusu laini ya mgodi. Juu ya ubao, upande wa Saima, palikuwa na taa nyekundu moja. Ilipowaka, simu ilikuwa inatoka shimoni, na karibu kila mara ilikuwa ajali. Saima alimwunganisha mpigaji na nyumba ya Kapteni Trewhella, mkuu wa mgodi, halafu na hospitali, na alitakiwa kubaki kwenye laini mpaka mwisho isije ikakatika. Kwa hiyo alisikia yote: wangapi, ngazi gani, akina nani. Na sisi wote tulikuwa tumeapa, mkono juu ya Biblia, mbele ya Kapteni, kwamba hatutatoa neno mpaka yeye mwenyewe atangaze langoni. Alisema anaogopa wanawake watakimbilia shimoni na kuzuia kazi ya uokoaji. Pengine alikuwa na haki. Lakini kutoka taa kuwaka mpaka tangazo kulipita saa moja, mara nyingine saa tatu, na muda wote huo Saima alikuwa anawaunganishia hao hao wanawake simu za unga na cherehani.

Mwezi wa kwanza 1937 taa iliwaka saa nne asubuhi. Jiko la makaa lilikuwa nyuma yetu, chumba kina joto la kuleta usingizi. Saima akapokea, akaunganisha, akasikiliza. Nilimwona anautazama mkono wake. Mkono wa kulia, ule uliopona, ulikuwa mweupe, na safari hii haukuwa mweupe wa vidole tu, bali mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto, ule mgonjwa, ulikuwa wa kawaida.

"Umeshika nini cha baridi?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Hakuwa ameshika kitu.

Watu wawili walivunjika miguu siku ile, hawakufa. Mkono ulichukua dakika arobaini kurudi. Juma lililofuata alikwaruzana na mama yake kuhusu mambo ya kanisa, ukafa tena. Mbwa wa jirani alimrukia, ukafa. Na kila taa nyekundu ilipowaka, ukafa, kabla hata hajasikia neno. Ndani ya barafu ulikuwa salama. Hofu ndiyo iliyoumaliza.

Mama Zupanc ndiye wa kwanza kugundua. Ofisi yetu ilikuwa na dirisha la kioo, na mbele yake benchi ambapo watu wasio na simu nyumbani walisubiri zamu yao. Aliketi hapo siku moja ya mwezi wa tatu, kikapu mapajani, taa ikawaka, akauona mkono. Saa moja baadaye Kapteni akatangaza ajali langoni. Mama Zupanc akajumlisha mambo hayo mawili.

Toka hapo benchi halikukosa watu. Walikuja wanawake na kazi zao za kufuma, wanasema wanataka kumpigia dada fulani huko mjini Duluth, ukiwauliza namba hawaijui. Hawakutazama taa, haikuonekana kutoka pale. Walitazama mkono wa Saima tu.

"Siku hizi mimi ndiye gazeti," aliniambia. Hakuwa anacheka. "Nikiuficha chini ya meza siwezi kufanya kazi. Nikiuacha juu nimevunja kiapo. Nifanyeje, Lempi?"

"Mwandikie daktari wako."

Alimwandikia, na mwezi wa saba daktari akamwita. Alikaa huko siku nane, na aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, sanduku mkononi, kabla ya kupita kwao. Nilimpa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Arvo alikuwa kazini. Alinywa kikombe kizima, akamimina cha pili.

"Walinilaza kwenye chumba cha joto," alisema, "wakanifunga vipimajoto vidogo kwenye kila kidole, mikono yote miwili. Nesi akanichoma sindano ya mguuni, ikawa inapita dawa, tone kwa tone. Daktari akasema hii ni kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe mtu akiogopa au akikasirika. Adrenalini. Kuna tezi juu ya figo, inamwaga kwenye damu."

"Ikauma?"

"Haikuuma. Moyo ulinienda mbio, basi. Mkono wa kushoto ukapoa kidogo. Wa kulia ukafa kabisa, Lempi. Kwa matone ambayo wewe yasingekufanya hata upige chafya. Ndipo akanieleza. Ile mishipa ya damu alipoikatia neva yake, ilikaa bila kuambiwa kitu. Ikawa na njaa ya kuambiwa. Sasa tone dogo likipita kwenye damu inalirukia. Nikamwambia, kumbe ulikata waya, habari zikaanza kuja kwa barua."

"Hapo akacheka."

"Hapo aliandika. Ameiandika kwenye daftari lake." Akazungusha kikombe kwenye kisahani. "Kisha siku ya sita wakanilaza tena, vipimajoto vilevile, hakuna sindano. Nikasubiri. Nikasikia simu inalia chumba cha pili. Daktari akatoka, akarudi, akainama karibu na sikio langu. Akasema, 'Bi Kotila, wamepiga kutoka mgodini kwenu. Pole sana.'"

"Mungu wangu. Nani?"

"Hakuna mtu. Alikuwa anapima."

Nje watoto wangu walikuwa wanagombania gurudumu.

"Joto la vidole lilishuka digrii kumi na mbili," Saima akasema. "Alifurahi, unajua? Akanipapasa bega. Akasema samahani, lakini ilibidi iwe hofu ya kweli. Mimi katika ule muda niliwazika wote, Lempi. Nilimzika hata Arvo wako."

Daktari alimwambia mkono wa kushoto anaweza kuupasua kwa njia nyingine, kwa kukata mbali zaidi, kabla ya fundo ambapo neva hizo hukutana, na kuliacha fundo lenyewe likiwa zima limeshikamana na mishipa. Alitumaini hautakuwa na njaa ile. Wa kulia haukuwa na dawa. Shauri lake kwa wa kulia lilikuwa moja: aache kazi ya simu, atafute maisha ya utulivu.

"Utaacha?"

"Niende wapi? Niwe mtawa? Mimi Mlutheri."

Mwezi wa tisa Kapteni Trewhella alipata habari za benchi. Sijui nani alimwambia. Alikuja mwenyewe, akavua kofia, maana alikuwa mtu wa adabu, akaweka mbele ya Saima glavu moja ya ngozi laini, ya kahawia, ndefu mpaka karibu na kiwiko.

"Ya mkono wa kulia, Bi Kotila. Kuanzia leo, muda wote wa zamu."

"Kapteni, mkono huu ndio pekee usiosikia baridi."

"Najua," akasema. "Nimeelezwa."

Saima akaivaa. Benchi likabaki tupu baada ya wiki mbili. Mama Zupanc alipita akatema mate kwenye ngazi.

Ilikuwa tarehe kumi na saba Novemba, saa nane mchana. Theluji ya mvua ilikuwa inapiga kioo. Nilikuwa namwunganishia mtu wa duka la ushirika, naongea, nikaona kwa pembe ya jicho taa imewaka. Saima akapokea. Alisema yale yanayosemwa: "Nakupatia Kapteni. Usikate." Akachomeka plagi. Akakaa anasikiliza, uso umeelekea ubaoni. Ile kope yake iliyoshuka ilifanya aonekane kama anasinzia.

Nilimaliza simu yangu. Nikamtazama. Hakunitazama.

Halafu akaanza kuvua glavu. Aliivua polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyefika nyumbani. Mkono ulikuwa mweupe mpaka kifundo. Nikajua ni ajali, nikasubiri, moyo unapiga kama unavyopiga kila mara, kila mke wa mchimbaji anaujua ule mpigo. Ndipo akaunyoosha, akauweka juu ya paja langu.

Hakusema neno. Baridi yake ilipenya gauni na soksi. Alikuwa bado anasikiliza, mkono wake wa kushoto umekibana kisikizi sikioni, na midomo yake imefungwa.

Sikumbuki nilivyotoka. Wanasema nilikimbia na visikizi vyangu shingoni, waya unaburuzika kwenye theluji. Wanawake waliniona wakajua, wakatoka majumbani na aproni zao, na tulipofika langoni tulikuwa kama mia. Mlinzi alijaribu kufunga, tukalisukuma lango, likang'oka. Mwanamke mmoja alivunjika mkono. Kapteni Trewhella alitangaza saa tisa na nusu, amesimama juu ya gari, akipiga kelele ili asikike. Udongo uliokuwa umelowa uliporomoka ngazi ya saba. Watu watatu. Arvo Harju alikuwa wa pili kutajwa.

Walimtoa baada ya siku mbili. Sitaeleza.

Siku ya nne baada ya mazishi Kapteni aliniita. Alikuwa na mabwana wawili wa kampuni kutoka mjini Duluth, waliokaa kando bila kuvua makoti. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Mama Harju, pole sana. Arvo alikuwa mtu wa kazi."

"Ahsante."

"Ulitoka ofisini saa nane na dakika kumi. Mimi nilitangaza saa tisa na nusu. Lango limeng'olewa, na waokoaji wangu walikwama nusu saa kwa sababu ya watu. Nusu saa, Mama Harju. Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Nyumba mnayokaa ni ya kampuni. Mjane kwa kawaida anapewa siku thelathini. Lakini nina uwezo wa kusema mkae mpaka kiangazi, na kiti chako pale ofisini kibaki chako. Watoto wana umri gani?"

"Mmoja minne, mmoja sita."

"Wadogo," akasema, na nadhani alisikitika kweli. "Bi Kotila alisema kitu?"

"Hakusema neno."

"Alifanya kitu?"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa imetulia mapajani, rangi yake ileile, haikutetemeka wala kupoa. Nusu saa ile aliyoitaja ilikuwa inanizunguka kichwani. Nilijiuliza kama Arvo alikuwa bado anapumua katika nusu saa ile. Mpaka leo najiuliza. Pengine nilitaka awepo mtu mwingine wa kuibeba pamoja nami, sijui. Au ni nyumba tu, na majira ya baridi yanayokuja, na watoto.

"Alivua glavu," nikasema.

Mmoja wa wale mabwana akaandika.

Walimfukuza Saima jioni hiyohiyo. Hakuulizwa kitu. Hakuhitaji kuambiwa ni nani, maana chumbani tulikuwa wawili tu. Niliporudi kazini Jumatatu, kiti chake kilikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, mwenye vidole vizuri, anayetafuna ubani. Glavu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Yule binti aliuliza ya nani, nikasema sijui.

Saima alihamia Duluth kabla ya Krismasi. Mama yake alibaki miezi miwili kufunga nyumba, na kanisani aliketi benchi la mbele yangu, kama siku zote, ila wakati wa kupeana mikono aligeukia upande mwingine. Mama Zupanc alinijia uani nikianika nguo, akasema, "Yule alikupa mkono wake, na wewe ukaupeleka kwa Kapteni." Hakupandisha sauti. Kisha akanisaidia kuanika shuka, kwa sababu upepo ulikuwa mkali, akaondoka.

Kapteni alitimiza ahadi. Tulikaa mpaka tarehe mosi Julai.

Nilimwona Saima mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa 1940, mwezi wa tano, barafu ya ziwa la pale Duluth ndiyo kwanza inaondoka. Nilipata anwani yake kwa mchungaji, nikapanda basi nikiwa nimevaa koti langu la kanisani. Njia nzima nilirudia maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa Kifini, mafupi, manne au matano, ili nisiyakosee.

Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, anapanga chumba kimoja juu ya duka la viatu. Alifungua mlango, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umenenepa," akasema.

"Kidogo."

"Ingia, basi. Usisimame hapo kama mkaguzi."

Alikuwa amefanyiwa mkono wa kushoto, na safari hii daktari alipatia. Alinionyesha: aliushika mtungi wa maziwa uliotoka kwenye sanduku la barafu, akaushikilia, vidole vya waridi. Hauogopi kitu, alisema. Jicho la upande huo lilikuwa zima. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, kifua. Hakuolewa. Alinimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, akaketi mbele yangu, na kabla sijafungua kinywa akasema:

"Lempi, yale yamepita. Nilishasahau. Ulikuwa na watoto."

Alisema kwa upole, na uso wake ulikuwa mtulivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kitambaa cha meza, kati ya sukari na kisahani changu. Niliuona unavyokuwa mweupe. Ulianza nchani, ukapita fundo la kwanza, la pili, ukafika kiganjani, ukaendelea mpaka kifundo, na chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa.

Aliona ninapotazama. Hakuuficha mara moja. Tuliutazama sote wawili, kama watu wanaotazama mgeni wa tatu aliyeingia bila hodi. Kisha akauteremsha chini ya meza.

"Kunywa, itapoa," akasema.

Tukaongea habari za watu. Nani ameoa, nani amekwenda magharibi, mzee Zupanc amepata kiharusi. Watoto wangu wanaendeleaje shuleni. Aliuliza kama nyumba yetu ya mvuke bado ipo, nikamwambia hatuna tena. Saa kumi alisema ana zamu ya jioni. Alinisindikiza mpaka chini kwenye ngazi, amevaa koti, mikono yote miwili mfukoni, akanionyesha kituo cha basi ingawa nilikijua.

Basi lilipokuwa linapanda kilima, ziwa limebaki nyuma, ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwomba msamaha. Alinijibu kabla sijaomba, na mimi nikanyamaza, nikanywa kahawa yake vikombe vitatu. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nimetoka kuona ndugu. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama hajambo. Nikasema hajambo, anafanya kazi jikoni, ana chumba kizuri.